Sura ya Tano: Shangazi wa Karatu

Karatu nzima haikuwa na shangazi.

Sajenti Lukresia Hhando alikuwa amemtafuta tangu jana mchana, tena kwa miguu, kwa sababu petroli iliyobaki kituoni ilikuwa ya safari moja tu, na safari hiyo ilikwisha kupangiwa kazi. Alipita zahanati. Alipita mtaa wa maduka, ambayo mwaka ule yalikuwa yanauza rafu tupu. Jumapili asubuhi alisimama mlangoni kwa Wakatoliki, kisha akakimbilia kwa Walutheri kabla hawajatawanyika, akiuliza kila mtu swali lile lile: mnamjua mama mmoja wa Kipare, Mama Yohani, mgonjwa, mwenye ndugu Moshi? Wapare aliowapata ni fundi cherehani na mke wa bwana shamba. Wote wawili walikuwa wazima, wanakula wanashiba, na hakuna aliyekuwa shangazi ya mtu aliye mahabusu.

Alirudi kituoni, akajitupa kwenye benchi la mapokezi, akavua viatu bila kuona haya. Miguu ilikuwa imevimba.

"Hayupo, afande."

Inspekta Martini, mkuu wa kituo, alikuwa dirishani na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Sukari nayo siku hizo ilikuwa habari ya kusimuliana tu. Hakuwa mtu mbaya, ila wiki ile mkoa ulikuwa umempigia simu mpaka akaichukia simu yenyewe.

"Nilikuambia hayupo. Mwenye shangazi mgonjwa analala kwa shangazi, halali gesti. Saa nane gari linakwenda Arusha na hao wawili wamo ndani. Andika maelezo yako, upumzishe miguu."

"Nipe mpaka hiyo saa nane, afande."

"Ufanye nini?"

"Niwaulize tena."

Martini aliitazama ile miguu, akaguna. "Haya. Lakini vaa viatu, hapa ni kituo cha polisi."

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na aliyekuwa na akili zake wakati ule hajausahau. Watu walitupa sabuni mtoni. Walizika mafuta ya kupikia shambani kama wanazika marehemu. Aliyekamatwa na bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka, mpaka ambao ulikuwa umefungwa miaka, hakuwa na dhamana. Aliingia ndani, na siku ya kutoka aliijua Mungu peke yake. Mume na mke hawa waliokuwa mahabusu, wa kupakiwa saa nane, walikuwa na watoto watatu Moshi, na watoto hao walijua baba na mama wanarudi Jumanne.

Ushahidi ulikuwa kwenye meza ya Lukresia. Gunia la katani, ndani yake sabuni za mche, madebe ya mafuta na vitenge, vyote vya ng'ambo. Mdomo wa gunia ulifungwa kwa ukanda mrefu wa ngozi ya ng'ombe. Mgambo waliokuwa kwenye msako walilivuta Jumamosi asubuhi chini ya kitanda cha chumba namba nne, gesti ya Patrisi, wageni wenyewe wakiwa wametoka. Lukresia aliligeuza kwa mara nyingine. Kwenye kitako kulikuwa na doa pana jekundu. Udongo wetu huu, alisema moyoni, hauachi kitu. Akaliegemeza ukutani na kumwita mwanamume.

Elinihaki alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Moshi, mrefu, mpole, mikono yake haijui pa kukaa. Nje ulikuwa ubaridi wa Julai, lakini yeye alikuwa anatoka jasho.

"Shangazi anaumwa nini?"

"Kifua, afande."

"Mkeo amesema miguu."

"Kifua na miguu. Ni mtu mzima, afande."

"Anakaa wapi?"

"Kule juu."

"Juu wapi? Karatu yote iko juu."

"Ni shangazi ya mke wangu. Mke wangu ndiye anayejua njia."

"Elinihaki, unajua saa nane unapelekwa wapi?"

"Najua."

"Na bado shangazi yupo?"

Mtu yule aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Yupo, afande."

Lukresia alikuwa amehoji walanguzi wengi mwaka ule. Mlanguzi wa kweli huja na uongo uliokwisha kunyooshwa pasi: jina, mtaa, shahidi, mpaka jina la mbwa wa shahidi. Huyu uongo wake ulikuwa umeparazwa tu, kama wa mtu asiye na mazoea. Ulikuwa uongo wa kuficha haya. Lakini haya gani hiyo ya kumfanya mtu akubali jela?

Alimimina chai, akaenda stoo. Kituo hakikuwa na chumba cha mahabusu wanawake, kwa hiyo Nakiete, mke wa Elinihaki, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekalishwa mkekani katikati ya magunia ya mahindi ya kesi nyingine. Lukresia alimpa chai, akakaa chini naye, akanyoosha miguu.

"Mwalimu, nimeizunguka Karatu yote kumtafuta shangazi yako. Hebu tazama."

Nakiete alitazama.

"Nisamehe, dada. Hakuna shangazi."

"Hilo miguu yangu imekwisha kuniambia. Kuna nini sasa?"

Basi Nakiete alisema, na alipoanza hakuweza kuacha. Kwao ni vyumba viwili. Mama mkwe, mawifi wawili, watoto wa shemeji, na watoto wao wenyewe. Kati ya kitanda chao na cha mama mkwe kuna pazia, na tangu wiki ya harusi, wakinong'ona neno tu, mama anakohoa upande wa pili.

"Ni mama mzuri, simsemi vibaya. Lakini dada, miaka yote hii sijawahi kucheka na mume wangu kwa sauti." Akajifuta kwa pembe ya khanga. "Halafu kila mwaka nawachorea darasa la tano shimo la Ngorongoro ubaoni. Wananiuliza, mwalimu umeliona? Nasema ndiyo. Nilimwambia Elinihaki nimechoka kuwadanganya watoto wa watu. Akasema, likizo hii twende. Sasa mama mkwe utamwambia nini? Kwamba mnapoteza nauli mkaangalie shimo? Mnakwenda mji msiojua mtu, kulala? Tukasema shangazi anaumwa. Shangazi wa upande wangu, kwa sababu wa upande wake mama anawajua wote."

"Jana mbona hamkusema?"

"Mbele ya mgambo? Mngeandika, ingefika kazini, ingefika kwa mama. Tuliona aibu, dada. Tukajua mtagundua wenyewe kwamba lile gunia si letu."

"Jela si mchezo, mwalimu."

"Sasa ndiyo nimejua." Alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. "Mwanangu mdogo halali mpaka nimguse sikio. Nani atamgusa?"

Lukresia alikunja miguu, akamsogelea. Akauliza jambo ambalo halimo katika mafunzo ya upelelezi.

"Mlicheka lakini? Ijumaa, pale gesti?"

Nakiete alitabasamu huku machozi yanamtiririka. "Mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta."

Inspekta Martini alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Ati nini? Mtu na mke wake wa ndoa, wakae ndani ya basi kutwa, waje kulala? Kwao hakuna kitanda?"

"Kipo, afande. Kimezingirwa."

Kicheko kilimtoka Martini kabla hajakizuia. Halafu akakunja uso. "Hata kama. Patrisi ameona kwa macho yake. Ijumaa jioni, morani wawili na punda, uani kwa gesti. Wamefungua mzigo, mume kapokea. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika."

Kweli aliandika mwenyewe, na wala kalamu haikusita.

"Nakwenda kukiona kile chumba tena," alisema.

"Saa nane, Lukresia."

Alikata njia nyuma ya mashine ya kusaga. Pale akina mama wa Kimasai waliokuja mnadani jana walikuwa wanawapakia punda mahindi, wajiandae na mlima, maana kwao Nainokanoka si jirani. Morani mmoja alikuwa amewasindikiza, amesimama mguu mmoja, ameegemea fimbo, anaangalia mawingu ya juu ya msitu. Gunia moja liliteleza. Mama aliyekuwa akilifunga alilizuia kwa goti, akahema, akamwita mwenzake wa mbali kabisa aje amsaidie. Morani alikuwa hapo hapo, mkono wake ungefika. Hakujisogeza, wala mama hakumtazama.

Lukresia alikwisha kuwapita. Akasimama. Akarudi.

Mambo hayo alikuwa ameyaona tangu akiwa anabebwa mgongoni, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuyaangalia.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu kwa Kimasai.

"Iko," mama yule aliitika. Jina lake Seenoi, mtu wa makamo, shanga zake zimefifia kwa jua.

"Nina swali la kijinga. Morani anaweza kukufungulia punda mzigo?"

Seenoi alimtazama aone kama ana akili timamu. Kisha akawatafsiria wenzake, na kicheko kikazunguka kutoka punda hadi punda. Hata yule morani alicheka, akageuzia uso pembeni.

"Punda ni ya mwanamke, mama polisi. Nyumba ni yetu, punda ni yetu. Morani afungue punda? Akishafungua ataenda wapi na aibu yake?"

"Hata akiombwa? Hata kwa malipo?"

"Nani atamwomba?"

Lukresia alitoa ule ukanda wa gunia mfukoni. Alikuwa ameukata mbali na fundo, fundo likabaki zima kama lilivyofungwa. "Na hili?"

Mikono ya Seenoi ilisimama. Hakuugusa ukanda. "Mwanamke amefunga," alisema taratibu.

Kwenye ubavu wa punda wake kulikuwa na ukanda wa ngozi ile ile na fundo lile lile. Lukresia aliliona, na Seenoi aliona kwamba limeonekana. Swali lililofuata lilikuwa jepesi kabisa, na Lukresia aliliacha. Angeliuliza, mama huyu angepanda gari la saa nane, na kosa lake lingekuwa kubebea mtu mzigo kwa debe la mahindi. Aliyemtaka yeye ni aliyeagiza.

"Safari njema, yeyo. Wahini, ukungu unashuka."

"Na wewe uende salama," Seenoi alijibu, akakaza fundo, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Patrisi alikuwa mlangoni kwa gesti yake, kanzu ya kwaya bado mwilini. Ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani miaka na miaka, na shamba lake lilipakana na la baba yake Lukresia. Nyumba hizo mbili zilikuwa zinaazimana majembe.

"Saita, Baba Marsela," alimwamkia kwa Kiiraqw.

"Saita, binti Hhando. Karibu, karibu kiti."

"Nimekuja kukamilisha maelezo yako tu. Nikumbushe Ijumaa ilikuwaje."

Patrisi alikumbusha, tena kwa manjonjo. Morani wawili, shuka nyekundu, mmoja kamshika punda sikio, mwingine kafungua kamba, mzigo chini, yule Mpare katoka kaupokea.

"Alikuwepo mwanamke?"

"Hata mmoja. Naapa mbele ya Mungu, morani watupu."

Lukresia aliandika. Kisha akaingia chumba namba nne, Patrisi nyuma yake. Sakafu iling'aa mpaka kitanda kilionekana ndani yake. Aliinama, akapitisha kidole uvunguni. Kidole kilitoka chekundu kidogo.

"Hii nta ya sakafu umeipata wapi mwaka huu wa shida?"

Hapo Patrisi alijisahau. Kila mtu ana mahali pake pa kujisahau, na pa Patrisi palikuwa sakafu. "Ya akiba, binti Hhando, kopo la mwisho. Napaka kila Jumamosi asubuhi, mgeni akitoka tu. Hata hawa, alfajiri waliniachia ufunguo wakafuate lifti ya kwenda hifadhini, nami nikaingia na brashi. Antonia wa usafi anaumwa, nimepaka kwa mkono wangu."

"Na uvunguni?"

"Uvunguni hasa! Mvivu utamjua kwa uvungu."

Lukresia alikaa kwenye kiti, akafunga kalamu.

"Baba Marsela, mimi na wewe tumezaliwa hapa. Umewahi kuona morani akifungua punda mzigo?"

Patrisi aliinamisha macho sakafuni.

"Usijali, hata mimi niliandika bila kushtuka. Kitu kikiharibika hapa kwetu tunasema morani, na wote tunaitikia. Hata mkuu wangu. Lakini tuwaache hao. Lile gunia lina doa jekundu kitakoni. Nilidhani ni udongo. Ni nta. Lingekaa pale tangu Ijumaa, ungelikuta Jumamosi ukipaka uvungu, na lisingeshika nta chini yake. Liliwekwa juu ya nta mbichi. Wageni walikuwa wameondoka, na ufunguo ulikuwa kwako."

Patrisi alikaa kitandani polepole, kanzu ikamkunjamana magotini.

"Ni mali ya harusi," alisema mwisho. "Marsela anaolewa mwezi ujao. Dukani hakuna sabuni, hakuna mafuta, hakuna kitambaa cha kumpa hata mama yake. Nimuoze mwanangu na matambara? Sikutaka kuuza hata mche mmoja, binti Hhando. Halafu nikasikia mgambo wako nyumba ya pili. Nilikuwa nimelikumbatia, sijui pa kwenda nalo. Chumba kilikuwa wazi."

"Ukawatupia."

"Wale hawana mtu hapa. Mimi nina watoto, nina kwaya, nina watu wa kuwatazama machoni. Wale hata aliyewajua hakuna. Nilifikiri watu wa mjini watajua kujitetea."

"Hawana mtu," Lukresia alirudia. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha alimwona yule mzee alivyoshika magoti yake, na hasira ikachanganyika na huruma, na huruma ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Wana watoto watatu, Baba Marsela. Umewasikia wakicheka ukawagongea ukuta, na asubuhi ukawapeleka jela."

Patrisi alilia bila sauti.

"Vaa koti. Kule ndani ni baridi."

"Marsela nani atamwambia?"

"Mimi. Nitakwenda mwenyewe, na nitakaa naye."

Inspekta Martini alisoma maelezo mapya akiwa amesimama. Alipofika kwenye punda alijipiga paji la uso. Alipofika kwenye nta alikaa.

"Patrisi wa kwaya," alisema.

"Amekiri, afande. Nimeandika kwamba mali ni ya harusi na si ya kuuza. Naomba na wewe uliandike hilo, kwa mkono wako, wasije wakamfunga kama mlanguzi."

Martini aliandika, tena kwa herufi kubwa. "Na aliyeuleta mzigo?"

"Kwa maelezo ya shahidi, ni morani wawili."

"Si umesema hao hawapo?"

"Hawapo, afande."

Martini alimtazama, akachukua chai yake iliyopoa. "Basi andika hawapo," alisema.

Saa nane gari liliondoka na mtu mmoja. Lukresia alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Aliporudi ndani, Elinihaki na Nakiete walikuwa mapokezi na mfuko wao, wamesimama karibu karibu kama watu wanaongoja kufokewa.

"Mko huru," aliwaambia. "Na poleni. Mji wetu umewapokea vibaya."

Elinihaki alimshika Lukresia mkono kwa mikono yake miwili. Nakiete ndiye aliyeuliza, kwa woga. "Dada, mmeandika kwamba shangazi hakuwepo?"

"Faili la polisi halisomwi na mama mkwe. Halafu, nani kasema hakuwepo? Shangazi amepatikana. Anaitwa Lukresia, nyumba yake ile pale ya bati, na mtu mwenye shangazi halali gesti. Alfajiri lori la hifadhini litawapitia, nimekwisha sema na dereva. Mtaliona shimo, ukungu ukipenda."

"Tutakusumbua, dada."

"Mtamsumbua nani? Nina zamu mpaka asubuhi. Nyumba ni tupu, na chumba kina mlango wa mbao, si pazia. Chekeni mpaka mchoke."

Nakiete alimkumbatia pale pale mbele ya kaunta, na Inspekta Martini akajifanya anatafuta kitu dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Elinihaki aliinua kichwa. Akafikiri kidogo, uso ukaingia wasiwasi tena.

"Lakini afande, mama atauliza shangazi anaumwa nini. Mimi nilimwambia kifua."

Lukresia alikwisha kuvua viatu. Alivichukua mkononi, akaelekea kwake peku kuwafungulia wageni wake mlango.

"Mwambie mkeo ndiye aliyepatia. Ni miguu," alisema. "Imevimba kwa kuzunguka Karatu nzima akijitafuta."